Kutoa kutu nyumbani: siki inafanya nini, umeme unafanya nini

Ukisikia mtu anasema ametoa kutu kwa chuma muulize ametoaje, ju kuna kukwangua, kuna kuyeyusha na kuna ile ya umeme, na kila moja ina kazi yake. Kutu ni chuma iliyoungana na oksijeni ya hewa na maji, na inachukua nafasi kubwa kuliko chuma yenyewe, ndo maana nati iliyoshika kutu inakataa kufunguka hadi spana inateleza, na ndo maana nondo ikishika kutu ndani ya nguzo, zege inapasuka.

Kukwangua kila mtu anajua, msasa na brashi ya waya, basi. Shida ni kwamba haifiki kwa nyuzi za bolti, na ukileta grainda unamaliza chuma nzima nzima pamoja na kutu.

Kuyeyusha ni asidi. Siki nyeupe ya dukani ina asidi karibu asilimia 5, unatumbukiza kitu mpaka kizame, unaacha usiku mmoja, asubuhi unasugua na mswaki wa zamani kutu inatoka. Kola pia inafanya, ina asidi ya fosforasi, lakini polepole sana, mi naona afadhali uinywe. Sasa kitu watu hawaambiwi ni kwamba asidi ikimaliza kutu haisimami, inaingia kwa chuma yenyewe, so ukisahau kitu huko wiki nzima utakitoa kimeliwa. Mabati na bolti zilizopakwa zinki usitie kabisa, zinki ndo itaisha kwanza. Springi nazo zikae mbali, zinaeza anza kuvunjika ovyo.

Ya umeme ndo tamu. Ndoo ya plastiki ya lita 20, maji, na vijiko kama vitano vya magadi, hii hii ya kulainisha githeri, inayotoka Ziwa Magadi huko Kajiado. Chukua chaja ya betri ya gari ya volti 12, waya ya hasi funga kwa kitu chako, ya chanya kwa kipande cha nondo, vyote viwili viingie kwa maji, na visigusane. Ukiwasha utaona povu dogodogo linapanda kutoka kwa kitu chako, hiyo ni haidrojeni, na kutu nyekundu inageuka unga mweusi wa kufuta tu. Chuma nzuri haiguswi, inayoliwa ni nondo, na kwa vaisi nzito, ile ya kubana chuma, ya kununua soko la Gikomba Nairobi, siwezi tumia njia ingine. Ila ukigeuza hizo waya kinaliwa kitu chako, so angalia mara mbili.

Haidrojeni inalipuka, fanyia nje, mbali na jiko, na uzime chaja kabla ya kugusa klipu ndo kusitoke cheche. Stenlesi usiweke kwa chanya, inaachia kromiamu yenye sumu kwa maji, na chumvi ya chakula usiweke badala ya magadi ju inatoa gesi ya klorini. Na tafadhali, usiunge ndoo moja kwa moja na soketi ya ukuta, hiyo inaua.

Njia yoyote utakayotumia, suuza, kausha hapo hapo na upake oil, ju chuma ikibaki wazi na unyevu, kutu mpya inaeza anza hata kabla umalize chai. Vishimo ambavyo kutu ilishakula havirudi, hapo ni welda wa Kariobangi.