Haibridi na kipimo cha moshi: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Haibridi, gari linaloendeshwa kwa mafuta na umeme pamoja, ina injini ya mafuta, na penye injini ya mafuta pana moshi. Jambo hilo dogo likisahauliwa, mwenye gari hufeli ukaguzi ambao angeupita kwa maandalizi ya wiki moja. Tena mkaguzi hamuulizi kama gari lake ni safi. Anatafuta kama vifaa vya kudhibiti moshi vinafanya kazi, na njia ya kutafuta hubadilika ukivuka mpaka.

"Haibridi imesamehewa, kama gari la umeme"

Gari la umeme mtupu halina bomba la moshi, hivyo hakuna cha kupima. Kwa haibridi jibu hutegemea mahali ilikosajiliwa. Marekani, jimbo la California huipeleka kwenye Smog Check, yaani ukaguzi wa moshi, kila miaka miwili kama gari lolote la petroli; gari lisilozidi miaka minane ya modeli hulipiwa ada badala ya kupimwa. Nevada, ambako kipimo kinafanyika katika maeneo ya miji ya kaunti za Clark na Washoe tu, haibridi mpya husamehewa kwa miaka mitano ya modeli ya mwanzo. Kaskazini mwa Virginia kigezo ni unywaji wa mafuta: haibridi yenye kiwango rasmi cha mjini cha maili 50 kwa galoni au zaidi (karibu kilomita 21 kwa lita) haipimwi, isipokuwa vihisi vya barabarani vikiikamata inatoa moshi mbaya. Kwa hiyo haibridi mbili za mwaka mmoja, moja ndogo na moja kubwa ya familia, zinaweza kulala uwanja mmoja na ikapimwa moja tu.

Ulaya nako hakuna sauti moja. Ujerumani haibridi hukaguliwa moshi kama nyingine, na tangu 2018 kipimo cha kwenye bomba ni cha lazima hata kama kompyuta ya gari haina hitilafu. Uingereza ni kinyume: ukaguzi wa MOT hauiwekei haibridi mashine ya kupima gesi. Hata hivyo, taa ya injini ikibaki imewaka ni sababu tosha ya kufeli.

"Injini ikijizima, mashine inasoma sifuri na gari limepita"

Kipimo cha kwenye bomba ni halali injini ikiwa inanguruma na imepata joto. Katalisti, kile kifaa cha kwenye bomba kinachogeuza gesi zenye sumu, haifanyi kazi ikiwa baridi, na injini inayozima kila baada ya dakika mbili huiacha ipoe. Ndiyo maana haibridi iliyowashwa muda huohuo inaweza kutoa namba mbaya bila kuwa na ubovu wowote.

Watengenezaji wameweka njia ya kuilazimisha injini ibaki imewaka, na Japani, ambako ukaguzi wa lazima uitwao shaken hupima gesi za kaboni monoksidi (CO) na hidrokaboni (HC) injini ikinguruma gari limesimama, mafundi huitumia kila siku. Kwa Toyota Prius, hatua zote zikamilike ndani ya sekunde 60: washa umeme wa gari bila kukanyaga breki, yaani bila neno READY kuwaka kwenye dashibodi, gia ikiwa P, kanyaga eksileta hadi mwisho mara mbili, weka N, kanyaga mara mbili, rudi P, kanyaga mara mbili. Kisha kanyaga breki na ubonyeze kitufe cha kuwasha. Injini itabaki inanguruma kwa takriban mizunguko 1,000 kwa dakika. Usiliendeshe gari barabarani likiwa katika hali hiyo, maana unaweza kuharibu gia. Kipimo kikiisha, zima kabisa.

"Futa misimbo ya hitilafu usiku wa kuamkia ukaguzi"

Hapa ndipo wengi huangukia, hasa penye ukaguzi wa kuchomeka kifaa kwenye soketi ya OBD, tundu la kusomea kompyuta ya gari. Ukifuta misimbo, au hata ukitoa waya wa betri ya volti 12, unafuta pia matokeo ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe: ya katalisti, vihisi vya oksijeni, na uvujaji wa mvuke wa petroli. California, kwa gari la petroli la 2000 na kuendelea, jaribio la mvuke pekee ndilo linaloruhusiwa kuwa halijakamilika. Zaidi ya hapo, tangu Julai 2019 magari ya 2010 na kuendelea husomwa misimbo ya kudumu, ambayo kifaa cha fundi hakiwezi kuifuta. Hufutika kompyuta yenyewe ikiridhika kwamba tatizo limeisha.

Haibridi ya kuchaji kwa waya ina shida zaidi. Mtu anaweza kuendesha wiki nzima kwa umeme, injini isiwake hata mara moja, na majaribio yakabaki palepale. Tumia hali ya kutunza chaji ili injini ifanye kazi. Weka mafuta kati ya robo na robo tatu ya tangi, maana tangi likijaa sana au likikauka jaribio la mvuke halianzi. Acha gari lipoe usiku kucha, kisha changanya mwendo wa mjini na wa barabara kuu kwa siku kadhaa. Kwenye Toyota nyingi jaribio la mvuke hufanywa na pampu ndogo saa kama tano baada ya kuzima gari, kwa hiyo anayewasha na kuzima kila saa mbili analikatiza mwenyewe.

"Betri kubwa haihusiani na moshi"

Msimbo P0A80, unaoashiria kuchoka kwa betri ya haibridi, huwasha taa ya injini. Taa ikiwaka, ukaguzi wa OBD umefeli, hata bomba likiwa safi.

"Katalisti yoyote inayoingia itafaa"

Katalisti za haibridi huibwa sana kwa sababu ya madini yake ya thamani. Anayefunga ya bei nafuu mara nyingi hurudi na msimbo P0420, unaosema katalisti haisafishi moshi vya kutosha, kwa kuwa kifaa chepesi hakifikii kiwango ambacho kompyuta inakitarajia. California, katalisti isiyotoka kwa mtengenezaji wa gari lazima iwe na namba ya idhini ya CARB, mamlaka ya hewa ya jimbo hilo, inayolingana na modeli hiyo hasa. Isipokuwepo, gari linafeli kwa kuangaliwa kwa macho tu.

"Nimefaulu ukaguzi, naingia mjini bila tozo"

ULEZ, eneo la London linalotoza magari yenye moshi mchafu, lililopanuliwa hadi mitaa yote ya jiji tarehe 29 Agosti 2023, halina msamaha wa haibridi. Kwa viwango vya moshi vya Ulaya, petroli inatakiwa iwe angalau Euro 4 na dizeli Euro 6, la sivyo ni pauni 12.50 kwa siku. Haibridi za petroli za karibuni hupita bila shida. Zinazonaswa ni za dizeli, kama Peugeot 3008 Hybrid4 ya 2012, ambayo ni Euro 5.