Vita vya mbali na kompyuta za Kilindini

Katika ofisi za mawakala wa forodha Mombasa, wengi huamini kwamba vita vya nchi za mbali ni shughuli ya majeshi na serikali; mdukuzi wa huko hana haja na ofisi ya watu sita.

Ni kweli, mara nyingi si wao wanaolengwa. Lakini Juni 2017 NotPetya, programu hasidi iliyoilenga Ukraine, ilipenyezwa huko kupitia masasisho ya programu ya uhasibu, ikavuka mipaka na kuzima kompyuta za kampuni kubwa ya meli. Makontena yakakwama bandari mbalimbali duniani. Nakala ya mfumo iliyowaokoa ilipatikana Ghana, ambako stima ilikuwa imepotea (kwa mara moja, ikawa neema). Na kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu mmojawapo uliotumiwa, kilikuwa kimetolewa tangu Machi.

Kagua mwenyewe: kompyuta yako ilisasishwa mwisho lini? Jaribu kurudisha faili moja kutoka nakala rudufu. Kisha waulize mabosi jambo wanalolisahau: karani akibofya kiungo kibaya saa tano usiku, atampigia nani, na je, atakatwa mshahara? Anayeogopa kufokewa atanyamaza mpaka asubuhi, na huenda kufikia hapo ofisi nzima imeshaambukizwa.