Kubakizwa: jinsi klabu za England zilivyomshikilia mchezaji

Kubakizwa ulikuwa utaratibu ulioiwezesha klabu ya Ligi ya Soka ya England kumshikilia mchezaji hata mkataba wake ukiisha. Ulianza 1893, ila makali yake yanaonekana vizuri kati ya vita viwili vya dunia, viwanja vikifurika na mchezaji akilipwa kwa kipimo.

Kwa kawaida mkataba ulikuwa wa msimu mmoja. Msimu ukiisha, klabu iliwasilisha kwa Ligi majina ya inaowabakiza na ya inaowaweka sokoni. Aliyebakizwa angeweza kukataa kusaini upya, lakini usajili wake haukutoka mikononi mwa klabu: hana mshahara, na klabu nyingine ya Ligi haiwezi kumchezesha. Aliyewekwa sokoni naye hakuwa huru, maana klabu ndiyo iliyompangia bei. Ikiwa kubwa mno, wanunuzi hukimbia na yeye hukaa bila kazi.

Hata kuhama hakukumtajirisha. Kuanzia 1922 mshahara wa juu kabisa ulikuwa pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu na 6 kiangazi, takriban pauni 386 kwa mwaka, mbali na bonasi ya pauni 2 kwa ushindi na 1 kwa sare. Hicho ni kikomo tu. Wengi walipata chini yake. Dixie Dean, aliyenunuliwa na Everton kutoka Tranmere kwa pauni 3,000 mwaka 1925, alifunga mabao 60 ya ligi msimu wa 1927/28 chini ya kikomo hicho hicho. Arsenal walimchukua David Jack kutoka Bolton mwaka 1928 kwa zaidi ya pauni 10,000, ambazo ziliingia Bolton. Ada halali ya kusaini kwa mchezaji? Pauni 10.

Ndiyo maana bahasha za pembeni hazikukosekana, na hatari yake ilijulikana: Leeds City walikataa kukabidhi vitabu vya hesabu kwenye tuhuma za malipo haramu, wakafukuzwa Ligi 1919 na wachezaji wao wakapigwa mnada hotelini.

Kikomo cha mshahara kiliondolewa 1961. Mwaka 1963, katika kesi ya mchezaji George Eastham dhidi ya klabu yake ya zamani, Newcastle, Jaji Wilberforce aliamua kwamba kubakizwa kulimzuia mtu kufanya kazi yake isivyo halali. Klabu ziliendelea kudai ada kwa waliomaliza mikataba. Kwa wanaohama kati ya nchi za Umoja wa Ulaya, hilo lilikatazwa na hukumu ya Bosman, kesi ya mchezaji Mbelgiji katika Mahakama ya Ulaya, 1995.