Bangi na presha ya macho: msiache matone

Kila Machi, Wiki ya Glakoma Duniani (glakoma ni ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi presha ya jicho ikiwa juu) inapofika, kliniki za macho hapa Dar es Salaam hupokea watu wengi, na miongoni mwao wapo walioacha matone ya dawa kwa sababu wameambiwa bangi inashusha presha ya macho. Jambo hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu nusu yake ni kweli.

Mwaka 1971, watafiti Hepler na Frank wa Marekani walionyesha kuwa mtu akivuta bangi, presha ya jicho hushuka kwa takriban asilimia 25 hadi 30. Kemikali ya bangi inayohusika ni THC, ile inayolevya. Nafuu hiyo hudumu saa 3 au 4 tu, na glakoma haina likizo. Mgonjwa angelazimika kuvuta mara 6 hadi 8 kwa siku, usiku akiamka. Dereva wa bajaji ataendeshaje hivyo?

Linalosahaulika ni damu. Mshipa wa fahamu wa jicho hulishwa na damu inayosukumwa na presha ya mwili, ikishindana na presha ya jicho. THC hutanua mishipa ya damu, ndiyo maana macho huwa mekundu, na huweza kushusha presha ya mwili, hasa mtu anaposimama. Zote mbili zikishuka, mshipa ule unaweza kukosa damu ya kutosha. Jamani, wekundu wa juu si ushahidi kwamba ndani kunalishwa.

Wanaonunua mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya bangi, nao wasikie: katika jaribio dogo lililochapishwa 2006, miligramu 40 za CBD chini ya ulimi zilipandisha presha ya jicho kwa muda.

Kisheria, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha, kuuza na kutumia bangi. Mwenye shamba au nyumba anayeruhusu hayo kwa kujua naye ana kosa. Kadi ya kliniki si kibali.

Timololi, mojawapo ya matone ya kushusha presha ya jicho, kwa kawaida hutiwa asubuhi na jioni. Tia tone moja, fumba jicho, bonyeza kona ya karibu na pua kwa dakika 2. Kama una dawa ya pili, subiri dakika 5. Matone hayarudishi uoni uliopotea, yanalinda uliobaki. Siku ya kliniki njoo na chupa zote, hata tupu, useme tone la mwisho ulitia saa ngapi. Na kama umevuta, mwambie daktari kabla hajakupima, maana kipimo kitasoma chini kuliko hali yako halisi.