Usanifu si uvumbuzi: maana ya mradi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi

Katika maonyesho ya miradi ya wanafunzi wa uhandisi niliyohudhuria karibuni, mgeni rasmi alisimama mbele ya meza ya vijana wanne waliotengeneza mfumo wa kupandisha maji ya kisima kwa nguvu ya jua, akawauliza kwa upole kabisa: "Sasa ninyi mmevumbua nini?" Binti aliyekuwa msemaji wao aliitazama pampu, akaitazama paneli, kisha akajibu kwa sauti ya chini kwamba vyote wamevinunua dukani. Mgeni akawatakia heri, akasogea meza ya pili. Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno, na sasa limeingia hata kwenye mabango na vyeti, ambako mradi wa usanifu huitwa leo uvumbuzi, kesho utafiti, kana kwamba maneno hayo ni mapacha.

Kozi yenyewe, yaani mradi wa usanifu wa mwaka wa mwisho wa uhandisi, haihitaji maelezo marefu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho hugawanywa katika timu za watu watatu hadi sita hivi. Kila timu hupewa tatizo la mteja, msimamizi, bajeti ndogo na muda wa muhula mmoja au miwili. Na mwishoni hutakiwa kukabidhi usanifu uliokamilika, yaani mahesabu, michoro, kifaa cha majaribio kinachofanya kazi, ripoti, na maelezo ya mdomo mbele ya jopo. Kwa Kiingereza kozi hii huitwa capstone, jina la jiwe linalowekwa juu kabisa ya ukuta ili kufunika tofali za mwisho na kuzuia mvua isipenye, na mfano huo ni mzuri, kwa kuwa jiwe hilo kazi yake ni kuukinga ukuta uliokwisha kujengwa.

Sura ya sasa ya kozi hii imekomaa Marekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mitaala ya uhandisi ya huko iliegemea zaidi na zaidi kwenye fizikia na hisabati, na ripoti ya kamati ya kutathmini elimu ya uhandisi iliyoongozwa na L. E. Grinter mwaka 1955 ikauongezea nguvu mwelekeo huo, hata ikawezekana mtu kuhitimu akiwa hodari wa milinganyo bila kuwahi kusanifu kitu ambacho mtu mwingine alikuwa anakisubiri. Mwaka 1963 Chuo cha Harvey Mudd, California, kilianzisha kile kinachokiita kliniki ya uhandisi, ambamo timu za wanafunzi hushughulikia matatizo yanayoletwa na wateja kutoka viwandani, nalo jina lenyewe linamkumbusha mtu mwanafunzi wa udaktari anayejifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Leo ABET, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za uhandisi nchini humo, hutaka masomo ya shahada yahitimishwe kwa kazi kubwa ya usanifu inayozingatia viwango vya uhandisi na mipaka mingi kwa pamoja, na tangu vigezo vyake vilipoandikwa upya katika miaka ya 1990, uwezo wa kufanya kazi katika timu nao huhesabiwa. Sharti hilo halimdai mwanafunzi avumbue chochote.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie, kwa sababu Kiswahili chenyewe kimekwisha kulitatua jambo hili, ila sisi hatukisikilizi.

Kuvumbua ni kinyume cha kuvumbika. Kama tunavyoziba na kuzibua, tunavyofukia na kufukua, ndivyo tunavyovumbika ndizi ili ziive mafichoni na ndivyo tunavyovumbua kilichokuwa kimefichika. Anayevumbua anaitoa nje siri ambayo watu hawakuijua. Hiyo ni kazi yenye heshima kubwa, lakini haiwezi kupangiwa ratiba ya wiki 15, na mtu hawezi kunyimwa alama kwa sababu siri haikutaka kutoka muhula huu.

Usanifu una ukoo mwingine. Umetoka katika Kiarabu, kwenye kitenzi sannafa, kilicho na maana ya kupanga vitu kwa aina zake, na kutokana na hapo kutunga kitabu, maana mwandishi naye hukusanya mambo, akayachambua, akayaweka kila moja mahali pake. Katika shina hilohilo tumepata neno tasnifu, ile kazi ndefu anayoiandika mwanafunzi wa shahada ya juu. Sanaa na msanii si wa ukoo huu hata kidogo, japokuwa sikio linadanganyika. Wao wametoka kwenye kitenzi kingine, sanaa, chenye herufi ya mwisho ambayo Kiswahili kimeipoteza, na maana yake ni kutengeneza. Kwa hiyo anayemwita msanifu majengo msanii wa majengo hajafupisha jina, amebadilisha ukoo.

Wala hatuhitaji kwenda Uarabuni kuiona maana ya kusanifu. Tunaposema Kiswahili sanifu tunazungumzia lugha ambayo maneno yake yalikuwa vinywani mwa watu karne nyingi kabla ya kamati yoyote. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi, na kuanzia mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kushughulikia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Hakuna aliyevumbua Kiswahili mwaka huo. Walichagua, na uchaguzi wao ulikuwa na gharama. Mpaka leo wapo wa Mombasa na Lamu wenye hoja nzito kwamba kilichoachwa kilikuwa na utajiri wake. Huo ndio usanifu: vitu vipo, mahitaji yapo, mipaka ipo, na mtu anapaswa kuchagua, kupanga, na kuwa tayari kuutetea uchaguzi wake.

Turudi basi kwenye ile meza. Nilibaki nyuma baada ya msafara kupita, nikamwomba yule binti anioneshe ripoti. Mteja wao, kikundi cha wakulima wa mboga, alihitaji lita 10,000 kwa siku. Kisima kina mita 12, tangi linakaa mita 3 juu ya ardhi, kwa hiyo maji yanapanda mita 15. Ukichukua jua la kutegemewa la saa 5, maji peke yake yanadai kama wati 82, na kwa kuwa pampu na mota vilivyo ndani ya bajeti yao hupoteza zaidi ya nusu ya umeme vinavyopewa, walihitaji zaidi ya wati 200, wakachagua paneli za wati 300 ili siku za mawingu zisiwaaibishe. Kisha nikauliza betri ziko wapi. Akasema hazipo. Waliziondoa mwezi wa tatu wa kazi baada ya kubishana wiki mbili, kwa sababu betri zitakufa na wakulima watalazimika kununua nyingine, ilhali tangi kubwa linaweka akiba ileile katika umbo la maji na likivuja linaweza kuzibwa na fundi yeyote wa kijijini. Alizungumza kama dakika 20 bila kutazama karatasi.

Mabishano hayo ya wiki mbili ndiyo sababu ya kozi kuwa ya timu. Mwenzao wa umeme alitaka betri, wa mitambo alitaka tangi, na kila mmoja alilazimika kuelewa hesabu za mwenziwe kabla ya kuzipinga. Katika vyuo vyetu mradi mara nyingi bado hukabidhiwa mwanafunzi mmoja au wawili na hutahiniwa kama tasnifu fupi, na nadhani ndipo lilipoanzia kosa la kuuita utafiti. Mtafiti huanza na swali na humaliza vizuri hata jibu likiwa "hapana". Msanifu huanza na mtu mwenye shida, na akimwachia "hapana" bado hajamaliza.

Sina ugomvi na uvumbuzi, na timu ikibahatika kuvumbua kitu njiani, tuisherehekee. Ninachoomba ni kwamba bango liandikwe "miradi ya usanifu", na kwamba mgeni rasmi wa mwaka ujao, akifika kwenye meza yenye pampu ya dukani na paneli ya dukani, awaulize vijana wamechagua nini, wameacha nini, na kwa nini.