Je, Kujitambulisha Zaidi kwa Mchezo Humwondolea Mtu Wasiwasi?

Wengi huamini kwamba mwanamichezo anayejitambulisha kwa mchezo wake kuliko kitu kingine chochote, yaani anayejiona kwanza kuwa mwanamichezo, huwa imara, na kwamba wasiwasi humwandama yule tu ambaye moyo wake haumo mchezoni. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa utambulisho huo mara nyingi huendana na kujituma mazoezini. Hata hivyo, unapokuwa nguzo pekee ya thamani ya mtu, kuumia, kuachwa nje ya kikosi au kustaafu huweza kutishia nafsi yenyewe wala si matokeo tu, na hapo wasiwasi hupata nafasi. Tatizo, kwa maoni yangu, si kuupenda mchezo mno, bali kukosa pengine pa kusimama.

Anayesoma madai ya aina hii na aangalie kama washiriki wa utafiti unaotajwa kuyathibitisha walipimwa mara moja tu, maana kipimo cha namna hiyo hakionyeshi kipi kilisababisha kipi, na pia kama wasiwasi uliopimwa ni wa kabla ya shindano au wa maisha ya kila siku, kwani hizo ni hali mbili tofauti.