Kizinda hakisomeki

Binti yangu huendesha baiskeli kwenda shule hapa Mafinga. Bikira yake haitatoka?

Mama, mwache aendeshe. Bikira ni mtu ambaye hajafanya ngono. Neno lenyewe ni la Kiarabu, *bikr*. Tatizo ni kwamba tumezoea kusema "kutoa bikira" kana kwamba ni kitu kilichobandikwa mwilini. Kilichopo mwilini ni kizinda: ukingo mwembamba wa utando kwenye mlango wa uke. Wataalamu hukiita himeni, kutoka neno la Kigiriki la utando wowote ule, hata ule unaofunika moyo. Kwa kawaida hakizibi njia. Kwa wengi kina umbo la pete au mwezi mwandamo, na hedhi hupita katikati. Binti akibalehe, homoni ya estrojeni hukifanya kinene na chenye kuvutika. Vuta lastiki ya kufungia nywele, kisha iachie: inatanuka, inarudi, na huwezi kujua imevutwa mara ngapi.

Shuka lisipokuwa na damu usiku wa harusi?

Wanawake wengi hawatoki damu kabisa. Mara nyingi ikitoka, chanzo ni ukavu, hofu, au mume kutumia haraka na nguvu, ngozi ikachanika. Damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa 1 ni ya kukimbizwa hospitali.

Shangazi anataka nesi ampime bikira kabla ya mahari. Inawezekana?

Haiwezekani, kwa nesi wala kwa bibi mzoefu. Katika utafiti wa Marekani wa 2004, wasichana 36 walichunguzwa wakiwa wajawazito. 2 tu ndio walionekana na alama za wazi za kuingiliwa. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka upimaji huu ukomeshwe kila mahali. Ni kumdhalilisha binti bure.

Kwa sababu hiyohiyo, kizinda kizima hakimaanishi hakubakwa. Akibakwa, awahi hospitali bila kuoga, ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia VVU. Fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kama ushahidi, hutolewa polisi.

Ana miaka 15, hajavunja ungo, lakini tumbo humuuma kila mwezi.

Hapa ndipo kizinda hudai daktari. Wasichana wachache huzaliwa nacho bila tundu. Hedhi hujikusanya nyuma yake, tumbo la chini huvimba, mkojo hukwama, na majirani huanza kunong'ona kuwa ana mimba. Ultrasaundi huonyesha, na upasuaji mdogo hufungua njia. Asitobolewe nyumbani kwa wembe wala sindano: vijidudu vikiingia kwenye damu ile iliyotuama, hupanda hadi kwenye kizazi.